Kiraka Gani cha Kiwambo? Mwongozo kwa Mwenye Sikio Lililotoboka, Kilosa na Mikumi

Siku utakayoambiwa kwamba sikio lako lina tundu na tundu hilo linaweza kuzibwa kwa upasuaji, swali la kwanza litakalokujia ni la gharama. La pili ni la maumivu. Lipo la tatu, ambalo wagonjwa wengi huondoka bila kuliuliza, nami ningependa uingie nalo kwenye chumba cha daktari: tundu langu litazibwa kwa kitu gani, na kwa nini hicho wala si kingine?

Usidhani ni swali la kumpima daktari. Kiraka chenyewe, mara nyingi, kitakatwa mwilini mwako, na kila aina ya kiraka ina mahali inapofaa na mahali inapokwama. Ukilijua hilo mapema utaelewa kwa nini jirani yako alitoka hospitali siku ileile na wewe umeambiwa ulazwe, au kwa nini yeye amechanwa nyuma ya sikio na wewe hapana.

Neno lenyewe tumelirithi kwenye ngoma. Kuwamba ni kuvuta ngozi juu ya mzinga mpaka ikaze, na kiwambo ni hiyo ngozi iliyokwisha kukazwa. Kiwambo cha sikio kina upana wa milimita 9 hadi 10 hivi, kwa hiyo kingekaa juu ya ukucha wa kidole chako kidogo. Unene wake ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Ndani ya wembamba huo mna matabaka matatu: nje ni ngozi, ndani ni utando wenye unyevu kama wa shavuni mwa mdomo, na katikati ni nyuzi zilizosukwa, ambazo ndizo zinazokipa kiwambo ukakamavu. Kiwambo kikitoboka kisha kikajiponya chenyewe, mara nyingi tabaka la nje na la ndani hukutana, lakini nyuzi za katikati hazirudi. Panabaki doa jembamba linalopwaya. Ndiyo maana tundu lililowahi kuziba huweza kufunguka tena kwa mafua ya wiki moja.

Kwanza ujue ni tundu la namna gani

Kuna tundu la ghafla na tundu la usaha, na haya mawili hayafuati njia moja.

Tundu la ghafla ni la kofi, la mpira uliogonga sikio, la njiti ya kiberiti iliyosukumwa na mtoto aliyekuwa akipita mbio. Hili, kama halikuingia maji wala uchafu, kwa watu wengi hujifunga lenyewe ndani ya miezi mitatu. Kazi yako ni kuliacha. Usitie mafuta ya nazi, usitie maziwa ya mama, usitie maji ya majani yaliyochemshwa. Liweke kavu, mwone tabibu alitazame, kisha subiri. Cheche ya fundi wa kuchomelea ni habari nyingine: imeunguza kingo, na kingo zilizoungua huwa nzito kupona.

Tundu la usaha ni lile linalotoa maji kwa zaidi ya wiki mbili, likikauka kiangazi na kurudi masika. Wengine hulianza wakiwa darasa la pili wakawa nalo mpaka wanapata wajukuu. Watu husema sikio la kufa halisikii dawa, na nadhani methali hiyo, iliyotungwa kwa ajili ya wakaidi, imewakalisha nyumbani watu wengi ambao sikio lao lingesikia dawa vizuri sana.

Ndani ya kundi hili la usaha mna jambo moja ambalo sharti lijulikane kabla ya mazungumzo yoyote ya kiraka. Kama usaha unanuka uvundo usiokwisha hata baada ya dawa, au tundu liko pembeni kabisa au juu kwenye dari la kiwambo, daktari atatafuta kolesteatoma. Hiyo ni ngozi iliyoingia ndani ya sikio na kujikusanya huko kama mpira wa nta, ikila mifupa pole pole. Si saratani, lakini ikiachwa huweza kufika kwenye mshipa wa fahamu wa uso au kwenye ubongo. Hapo upasuaji mkuu ni wa kuiondoa, na kiraka ni cha baadaye.

Kazi ya nyumbani

Kabla fundi pancha wa pale Mikumi barabarani hajabandika kiraka kwenye tyubu, huikausha, akaiparuza kwa msasa mpaka iwe na ukali, ndipo apake solusheni. Ukimwambia abandike juu ya tyubu yenye maji atakucheka. Daktari naye huparuza kingo za tundu zitoke damu kidogo, kwa sababu kiraka cha sikio hakigandi kama gundi. Kinakaa kama egemeo tu. Ngozi yako mwenyewe ya nje na utando wako wa ndani ndivyo vinavyotambaa juu yake na kukutana. Kingo zilizokufa hazitambai.

Kukausha ni kazi yako wewe, na huanzia Kilosa, si Dar es Salaam. Njia inayofundishwa kwenye vituo vya afya ni ya utambi: chukua kitambaa safi kinachonyonya, au karatasi laini isiyochanika ovyo, ukisokote kama utambi wa koroboi, ukiweke sikioni, ukitoe kikilowa, uweke kingine, mpaka kitoke kikavu. Fanya hivyo mara tatu kwa siku. Usitumie kijiti chenye pamba, kwani husukuma uchafu ndani. Baada ya kukausha ndipo matone ya dawa yanapoingia, yale ya jamii ya siprofloksasini, kwa wiki mbili au kama utakavyoandikiwa. Matone yaliyotiwa juu ya usaha hayafiki popote, yanaelea.

Neno la tahadhari kuhusu duka la dawa. Baadhi ya matone, kama ya jentamaisini, huweza kudhuru sikio la ndani yakipita kwenye tundu. Ukienda dukani sema wazi kwamba kiwambo kimetoboka, au bora zaidi nenda na karatasi ya daktari.

Kuoga ni kwa pamba iliyopakwa vaselini mlangoni mwa sikio. Kuogelea mto Mkondoa, au kwenye mfereji wa shamba la mpunga, kuache kabisa. Najua ni rahisi kusema. Mtoto wa Kilosa kumzuia mto ni kama kumzuia asicheke. Lakini madaktari wengi hupenda sikio likae kavu wiki kadhaa, na wengine hutaka miezi, ndipo wakubali kulipasua. Kila mafuriko ya usaha yanairudisha tarehe yako nyuma.

Viraka vyenyewe

Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na wapasuaji ni binadamu. Aliyefundishwa kwa utando wa msuli atausifu utando, na aliyefundishwa kwa gegedu ataona gegedu ndilo jibu la kila tundu. Sioni ubaya. Kiraka bora mikononi mwa asiyekizoea ni kiraka kibaya, na kama daktari wako anakiri kwamba amezoea kimoja zaidi, amekupa habari yenye thamani. Ila ni vizuri ujue wawamba ngoma wote wanazungumzia nini.

Weka vidole viwili juu ya sikio lako, pale nywele zinapoanza, kisha uma meno. Kinachotutumka ni msuli wa kutafunia. Umevikwa utando mweupe, mkakamavu, kama ule unaouona buchani juu ya mnofu kabla muuzaji hajauchuna. Utando huo ndio kiraka kilichotumika kuliko vyote duniani tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, ulipoanza kutumiwa Ujerumani. Daktari akishachana nyuma au juu ya sikio huukuta palepale, akakata kipande, akakikwangua nyama, akakitandaza kikauke mpaka kinakuwa kama karatasi. Kisha hukikata kwa kipimo na kukipenyeza chini ya kingo za tundu, kutoka ndani, kikishikiliwa na sponji laini ambayo huyeyuka yenyewe baada ya wiki kadhaa.

Sifa zake: ni mwingi, unapatikana kwenye jeraha lilelile, unaishi kwa chakula kidogo, na wembamba wake unakaribiana na kiwambo cha asili kwa hiyo hutikisika vizuri sauti inapogonga. Kwenye sikio kavu, mikononi mwa mzoefu, hufunga tundu kwa wagonjwa 8 hadi 9 katika kila 10. Kasoro yake ni ulegevu. Utando hunywea unapopona, na ukiwa kwenye sikio ambalo hewa yake haiingii vizuri, huvutwa ndani kama turubai la lori lisilofungwa vizuri, ukakonda, na hatimaye ukatoboka tena.

Sasa bonyeza kile kinundu kigumu kilicho mbele ya tundu la sikio, kile unachokibonyeza harusini spika zikizidi kelele. Hilo ni gegedu. Kipande chake kikichukuliwa, na ukingo wa nje ukaachwa, hakuna atakayejua kwa kukutazama. Daktari anaweza pia kulitoa kwenye bakuli la sikio kwa nyuma. Gegedu halihitaji mishipa ya damu. Hulishwa kwa majimaji yanayopenyeza, kwa hiyo hustahimili mahali pabaya ambapo utando ungekufa njaa. Na halinywei wala halivutwi ndani. Takwimu za kufungika kwa tundu mara nyingi huvuka 9 katika 10.

Mbona basi halitumiki kwa kila mtu? Sababu ya kwanza ni unene. Gegedu la kinundu lina kama milimita moja, mara kumi ya kiwambo. Likiwekwa hivyohivyo sikio hupata mlango badala ya ngoma, kwa hiyo wapasuaji hulichonga mpaka nusu milimita au chini yake. Likishachongwa hivyo, vipimo vya usikivu huwa karibu sawa na vya utando. Kuchonga huko kunataka muda, kisu maalumu na mkono uliotulia. Wengine hulikata vipande vyembamba na kuvipanga kama fito za ua, wengine huliacha kisiwa kilichozungukwa na ngozi yake nyembamba. Sababu ya pili huwa haisemwi sana kwa wagonjwa: gegedu halipitishi mwanga. Kiwambo cha utando ni kama kioo chenye ukungu. Daktari akichungulia mwaka ujao anaweza kuona kama nyuma yake kuna maji au ngozi inayokua. Nyuma ya gegedu hataona kitu, na ikibidi atataka picha ya CT, mashine ambayo utaifuata mbali na nyumbani. Kwa mtu wa Ulaya, Ulaya hii yetu ya Kilosa, uangalizi unaohitaji picha kila mara ni nauli na siku za shamba.

Kati ya hayo mawili kuna utando unaolivika gegedu, ambao wengine huuchuna na kuutumia peke yake. Ni mzito kidogo kuliko utando wa msuli, mwembamba kuliko gegedu, na unatosha kwa matundu ya kati. Sitakaa sana hapo.

Mafuta ndiyo yanayowashangaza watu. Kwa tundu dogo, tuseme lisilozidi robo au theluthi ya kiwambo, na kingo zake zote zinaonekana, daktari anaweza kuchukua kipande cha mafuta kwenye ndewe, ile nyama laini ya chini ya sikio, akaparuza kingo za tundu, akakichomeka kama kifungo kinavyokaa kwenye tundu la shati: nusu ndani, nusu nje. Mara nyingi ni kazi ya ganzi tu, haichukui saa nzima, na unarudi ulikofikia siku hiyohiyo. Mafuta ya ndewe ni magumu zaidi kuliko ya tumboni na hayayeyuki upesi, ndiyo maana yanapendwa. Hapa kwetu kuna mgonjwa ambaye vitabu vya ughaibuni havikumwaza: mzee wa Kimasai ambaye ndewe zake zilitobolewa na kuvutwa tangu ujana mpaka zikabaki uzi. Kwake mafuta yatatafutwa tumboni, au atapewa kiraka kingine. Kama ni baba yako unayemsindikiza, mtajie daktari mapema, asije akaligundua hilo kisu kikiwa mkononi.

Kiraka cha karatasi nacho ni cha kweli, si utani. Clarence Blake wa Boston alikieleza mwaka 1887, na mpaka leo kipande cha karatasi nyembamba, ya aina ile ya kusokotea sigara, huwekwa juu ya tundu dogo la karibuni ili kuongoza ngozi itambae. Ni cha kliniki, si cha chumba cha upasuaji, na tundu la usaha wa miaka hakilisaidii.

Ngozi ilijaribiwa na kuachwa. Wajerumani Wullstein na Zöllner, waliouanzisha upasuaji huu kwa sura yake ya leo mwanzoni mwa miaka ya 1950, walitumia ngozi ya mgonjwa. Ilishika, lakini ngozi haiachi kuwa ngozi: ilibambuka, ikatoa harufu, na mara nyingine ikaota kuelekea ndani. Mtu akikuambia atatumia ngozi, muulize kwa nini.

Na kuna viraka vya dukani, vilivyotengenezwa kutokana na tishu za wanyama au za binadamu aliyekufa, vikasafishwa seli zote. Faida ni kwamba hukatwi mahali pengine. Gharama yake kwetu ni kubwa, na si kila hospitali inavyo. Lakini kwa msomaji Mwislamu kuna la kuuliza zaidi: mojawapo ya vinavyojulikana hutokana na utumbo wa nguruwe. Si jambo jipya. Mwaka 1640 daktari Marcus Banzer aliziba sikio kwa kibofu cha nguruwe kilichofungwa kwenye mrija mdogo. Uliza kiraka kimetoka kwa mnyama gani kabla ya kutia saini, si baada.

Kwa hiyo, ukinishika koo nichague: tundu la kwanza, sikio kavu, pua haikusumbui, basi utando wa msuli unatosha na sioni sababu ya kulazimisha gegedu. Tundu dogo lenye kingo safi, mafuta. Lakini kama ulishapasuliwa likafunguka tena, au kiwambo kimebaki ukingo tu, au kimenyonywa ndani, au kulikuwa na kolesteatoma, hapo ningetaka kusikia neno gegedu likitoka mdomoni mwa daktari, na lisipotoka ningeuliza.

Kufungika ni jambo moja, kusikia ni jingine

Hapa ndipo wengi hurudi nyumbani na kinyongo. Daktari anafurahi, tundu limeziba. Mgonjwa amenuna, bado anaitwa mara mbili.

Nyuma ya kiwambo kuna vifupa vitatu vinavyopokezana sauti: nyundo, fuawe na kikuku. Usaha wa miaka mingi hupenda kula fuawe kwanza. Kama kifupa hicho kimekatika, unaweza kuwekewa kiraka kizuri kuliko vyote na sauti isivuke, kama daraja ambalo lami imewekwa mpya huku nguzo ya katikati haipo. Tundu peke yake kwa kawaida hupunguza usikivu kwa desibeli 10 hadi 40. Upungufu ukizidi hapo, daktari huanza kushuku vifupa, na kama sikio la ndani nalo limechoka, hakuna kiraka kinacholirudisha.

Ndiyo maana kipimo cha usikivu, kwa hewa na kwa mfupa, lazima kifanyike kabla. Omba nakala uitunze. Tofauti kati ya mistari miwili ya kipimo hicho ndiyo inayoonyesha kiasi ambacho upasuaji unaweza kukirudisha. Mistari ikikaribiana, unapasuliwa ili usaha ukome na uweze kuoga kwa raha, na hilo pekee lina thamani. Ila usidanganywe kwamba utasikia kama zamani. Kama sikio hilo ndilo pekee linalosikia, daktari atasita sana, na ana haki, kwa sababu kuna hatari ndogo ya kulipoteza kabisa. Hapo kifaa cha kusaidia kusikia kinastahili kuzungumzwa kwanza.

Muulize hivi, kwa lugha yako: “Daktari, lengo ni kuziba, ni kusikia, au yote mawili?” Jibu lake litakueleza mengi.

Safari

Anza karibu. Tabibu wa kituo cha afya, Hospitali ya Wilaya Kilosa, au hospitali ya Mtakatifu Kizito pale Mikumi, ndiko sikio linakochunguliwa, linakoanza kukaushwa na inakoandikwa rufaa. Usiruke hatua hiyo. Kwa mwenye bima, kufika hospitali kubwa bila rufaa kunaweza kumgeuzia gharama zote mfukoni. Hospitali ya rufaa ya mkoa Morogoro ndiyo inayofuata. Madaktari bingwa wa masikio, pua na koo wako Muhimbili, na pia KCMC Moshi na Bugando Mwanza, ingawa kwa mtu wa Kilosa njia ya asili ni ya Dar es Salaam. Wa Kilosa siku hizi ana treni ya SGR. Wa Mikumi ana mabasi ya barabara ya Iringa. Kabla hujakata tiketi piga simu uulize siku ya kliniki ya masikio, kwa maana si kila siku.

Kama uwezo ni mdogo, sema hivyo mapema kwenye ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali. Ipo kwa kazi hiyo. Wanaolia mlangoni mwa mhasibu siku ya kuruhusiwa wamechelewa.

Chagua majira. Mtu wa mpunga asikubali tarehe ya Machi akijua Aprili atakuwa magotini kwenye maji. Mkata miwa wa Ruembe atahitaji ruhusa ya kazi nzito kwa mwezi hivi, na aiombe kwa barua ya daktari. Baada ya mavuno, Agosti au Septemba, vumbi ni jingi lakini maji ni machache, na kati ya hayo mawili sikio lililopasuliwa linaogopa maji zaidi. Usiende na mafua. Mvuta sigara aache wiki kadhaa kabla. Moshi hudhoofisha kiraka, cha aina yoyote ile. Mwenye kisukari ahakikishe sukari imetulia. Na usisuke nywele zikabana pembeni ya masikio, zitafumuliwa tu.

Ukiwa na mtoto, usishangae daktari akisema asubiri mpaka miaka 7 au 8. Mrija unaotoka puani kwenda sikioni kwa mtoto ni mfupi na umelala, mafua yake hayaishi, na nyama za nyuma ya pua huenda zinapaswa kuondolewa kwanza.

Wiki za kurudi

Utatoka na bandeji na sikio lililojaa sponji. Hutasikia vizuri kuliko ulivyoingia; utasikia vibaya zaidi, kwa wiki kadhaa. Ni kawaida. Ladha ya chakula inaweza kubadilika upande mmoja wa ulimi, kwa kuwa mshipa wa ladha hupita nyuma ya kiwambo, na kwa wengi hurudi.

Usipenge kamasi. Futa tu. Chafya iachie kwa mdomo wazi, hata kama ni mbele ya mkwe. Usibane pua na kupuliza. Ndoo ya maji kichwani na mzigo wa kuni viache kwa wiki tatu au nne. Kina mama, hili lipangeni na wifi au binti kabla ya kuondoka, kwa sababu baada ya siku tano mtaonekana wazima na mtaanza kutumwa. Anayeswali aulize kuhusu kusujudu siku za mwanzo, na kwenye udhu na kuoga maji yasiingie sikioni. Nyuzi hutolewa baada ya siku 7 hadi 10, na hilo hospitali ya karibu inaweza kulifanya ukiwa na karatasi yako.

Rudi haraka, usingoje tarehe, ukiona mojawapo ya haya: uso umelegea upande mmoja, kizunguzungu kinachokulaza chini, homa, uvimbe nyuma ya sikio, au usaha unaonuka. Damu kidogo au majimaji ya rangi ya chai siku za kwanza si kitu cha kukimbiza basi usiku.

Kipimo cha pili cha usikivu hufanyika baada ya miezi miwili au mitatu. Nenda nacho kile cha kwanza, viwekwe mezani pamoja.

Mbali na hicho, kuna kipimo kimoja ambacho hakipo kwenye vitabu. Anayetoka Mikumi kwenda Iringa hupanda mlima wa Kitonga, na kwenye kona zile masikio ya abiria wote huziba, kisha hufunguka kwa mlio mdogo mtu anapomeza mate. Sikio lenye tundu halizibi. Hewa inapita tu. Miezi ya mwanzo usipande huko bila ruhusa ya daktari, na akikuruhusu, beba pipi ya kumung'unya. Lakini wako waliopanda Kitonga miaka yote sikio moja likiwa kimya, wakashtuka siku moja, katikati ya kona, kusikia limeziba kama lile la pili.